Kipuri Hakiingii, Pesa Hazirudi

Mzee wa Kaunta anajibu barua za wasomaji. Toleo hili barua nyingi zilikuwa za waliouziwa vipuri vya pikipiki mtandaoni visivyowafaa, na moja ya muuzaji aliyechoka kulaumiwa. Nimechagua nne.

SWALI

Mzee wa Kaunta, shikamoo. Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda hapa Malindi. Pikipiki ni Boxer BM150, si yangu, napeleka hesabu kwa mwenyewe kila jioni. Mwezi uliopita cheni ilianza kuruka, fundi akaniambia seti nzima imekwisha. Nikaona tangazo kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni: "Seti ya cheni na sproketi mbili, inaingia Boxer 150 zote, na shuu za breki za nyuma juu yake, sh 3,600." Dukani hapa vitu hivyo ningelipa zaidi. Nilimtumia muuzaji picha ya pikipiki, nikamuuliza, "Hii itaingia kwangu? Ni ya kazi." Akajibu, "Itaingia bila shida, bosi." Nikalipa kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu, si ya biashara, na sh 300 za kifurushi.

Kilipofika, sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, matundu yake hayakutani na bolti za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Cheni imeandikwa 420, na ile ya zamani imeandikwa 428. Shuu za breki ni ndogo, zinacheza ndani ya ngoma. Nilimpigia siku hiyo hiyo. Kwanza akasema fundi wangu hajui kazi. Kisha akasema bidhaa ikishauzwa hairudi. Nilipokazana akasema nichague kitu kingine cha bei hiyo, lakini pesa hapana, na nauli ya kurudisha mzigo ni juu yangu. Sasa hapokei simu. Fundi anataka kunisaidia: achonge matundu kwa tupa mpaka sproketi iingie, nirudi kazini. Mwenye pikipiki ananidai hesabu. Nifanyeje?

— Mwendeshaji, Malindi

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kazi iliyosimama. Nitaanza na fundi, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuiharibu haki yako leo hii, na nia yake ni njema. Mwambie aweke tupa chini. Sproketi hiyo isichongwe, isifungwe, hata kwa kujaribu tu mpaka stendi na kurudi.

Sababu ya kwanza ni uhai wako. Sproketi ya nyuma inazunguka sawasawa kwa sababu tundu lake la kati limekaa barabara kwenye habu na matundu ya bolti yanalingana. Matundu yakipanuliwa kwa tupa, bolti zinapata nafasi ya kucheza na sproketi inahama kutoka katikati. Ungeliona jambo hilo kwa macho: simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, zungusha gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono. Mahali pamoja cheni inakaza kama waya, na gurudumu likifika nusu mzunguko cheni ile ile inaning'inia. Fundi akiirekebisha kwa kufuata pale inapolegea, pale inapokaza itazila beringi za gurudumu na shafti ya giaboksi. Akifuata pale inapokaza, pale inapolegea itaruka. Cheni ikiruka pikipiki ikiwa kwenye mwendo, ikajikunja kati ya sproketi na habu, gurudumu la nyuma linajifunga papo hapo. Wewe unapita barabara ya Mombasa na Malindi, malori yako nyuma yako na abiria yuko mgongoni. Sitaki nisome habari zako kwingine.

Cheni nayo haina mjadala. 420 na 428 zina umbali uleule kutoka pini hadi pini, milimita 12.7, ndiyo maana mtu akizilaza sambamba mezani haoni tofauti upesi. Tofauti iko upana wa ndani, pale jino la sproketi linapoingia: 420 ni milimita 6.35, na 428 ni karibu milimita 7.94. Jino la sproketi ya 428 likilazimishwa ndani ya cheni ya 420 linagoma, na afadhali ligome. Hatari ni kinyume chake, sproketi ya 420 ndani ya cheni ya 428. Hiyo inaingia, inazunguka, mnunuzi anaridhika, kumbe inayumba kushoto na kulia na kula meno kila siku. Kwa hiyo usiongopewe kwamba ubadilishe cheni tu ubaki na sproketi hizo.

Shuu za breki zipime kwa rula. Ngoma za pikipiki hizi za kazi zina vipimo tofauti, na viwili vinavyokutwa sana ni milimita 110 na milimita 130 kwa kipenyo cha ndani. Pima ngoma yako, kisha zishike shuu mbili pamoja kama zinavyokaa kwenye bamba lake, uzipime kutoka upande hadi upande. Andika namba zote mbili. Shuu ndogo ndani ya ngoma kubwa haishiki, hata fundi akaze breki mpaka mwisho.

Ukitazama vitu vitatu hivyo kwa pamoja, vyote vinasema neno moja: umetumiwa seti ya pikipiki ndogo kuliko yako. Hapo lile la kwamba fundi wako hajui kazi linakwisha. Fundi hawezi kubadili namba iliyogongwa kwenye kiungo cha cheni.

Sababu ya pili ya kuizuia tupa ni sheria. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 15, inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Tangazo lilisema kinaingia Boxer 150 zote. Hakiingii. Kifungu cha 16 kinaongeza: ukimjulisha muuzaji kazi unayokitakia kitu, ukautegemea ujuzi wake, na kuuza vitu vya aina hiyo ndiyo shughuli yake, basi kitu kinatakiwa kiifae kazi hiyo. Wewe ulimtumia picha, ukamuuliza kama itaingia, ukamwambia ni ya kazi, naye akakuhakikishia. Ujumbe ule mfupi una uzito kuliko yote uliyomwambia kwa simu, ulinde.

Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka mnunuzi naye achunge mwenendo wake. Una nafasi ya kukikagua kitu kabla hujahesabiwa kuwa umekikubali. Ukikaa nacho muda mrefu kupita kiasi bila kumwambia muuzaji hukitaki, au ukakifanyia jambo ambalo mwenye mali peke yake ndiye angelifanya, unahesabiwa umekikubali, na haki ya kukirudisha inakuponyoka. Kuchonga matundu kwa tupa ni jambo la namna hiyo. Sproketi ikishapanuliwa, muuzaji atapiga picha na kusema, "Mteja ameiharibu." Na wa kumpinga hatakuwapo.

Sasa maneno yake moja moja. "Bidhaa ikishauzwa hairudi" nimeyaona yamepigwa mhuri kwenye risiti miaka yote niliyosimama nyuma ya kaunta ya vipuri mjini Mombasa, na yana mahali pake. Mtu akinunua kitu sahihi, akafika nyumbani akabadili nia, muuzaji halazimiki kukipokea. Hayana mahali pale kitu kilichotolewa sicho kilichoelezwa. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya 2012 inahesabu kuwa ni mwenendo usio wa haki kusema bidhaa ina sifa au matumizi ambayo haina, na haki inazokupa haziondolewi kwa maneno ya mkataba wala ya risiti. Juu ya hiyo iko Katiba, ibara ya 46, inayompa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Katiba ile ni yako wewe wa steji ya Malindi kama ilivyo ya mwenye ofisi ya ghorofa.

Kuhusu kuchagua kitu kingine, hiari ni yako. Kama ana seti sahihi ya 428, na anakutumia picha ya namba na vipimo kabla, kubali ukitaka. Kama anakusukumia taa na vioo usivyovihitaji, kataa. Ulitaka cheni.

Na nauli: mnunuzi aliyekataa kitu kwa haki halazimiki na sheria kukirudisha mpaka kwa muuzaji. Inatosha amjulishe kwamba amekikataa, akitunze vizuri, na kiwe tayari kuchukuliwa. Usiutume mzigo kwanza kwa matumaini. Nimewajua watu wengi waliotuma, wakabaki hawana kipuri wala pesa, na muuzaji akasema hajaona kifurushi. Mkubaliane kwa maandishi: yeye arudishe pesa, au alipie kifurushi na arudishe pesa mzigo ukifika. Stakabadhi ya kifurushi ipige picha pande zote mbili.

Leo, kabla hujafanya jingine, kaa na simu yako. Piga picha ya skrini ya tangazo kabla halijafutwa, pamoja na jina la ukurasa. Piga picha ya ujumbe wote mliowasiliana tangu mwanzo. Weka cheni mpya na ya zamani bega kwa bega, namba 420 na 428 zisomeke katika picha moja. Laza sproketi mpya juu ya habu ili matundu yanavyopishana yaonekane. Usitupe boksi wala karatasi ya kifurushi. Ujumbe wa M-Pesa ni wa thamani sana kwako, kwa sababu unaonyesha jina la aliyepokea. Ulilipa kwenye namba ya mtu, jambo ambalo nisingependa mtu alifanye, lakini hata hivyo jina lipo.

Kisha acha kupiga simu, andika. Unaweza kutumia maneno haya, ujaze tarehe:

"Nilinunua kwako seti ya cheni, sproketi na shuu za breki tarehe fulani kwa sh 3,600, nikalipa na sh 300 za kifurushi. Tangazo lako lilisema inaingia Boxer 150 zote, na uliponijibu ulinihakikishia itaingia kwenye pikipiki yangu. Cheni uliyonitumia ni 420, yangu ni 428. Matundu ya sproketi hayalingani na habu. Shuu za breki ni ndogo kuliko ngoma. Picha nimeambatisha. Ninavikataa vitu hivi. Havijafungwa wala kuchongwa, viko tayari kuchukuliwa kwa gharama yako. Naomba unirudishie sh 3,900 ndani ya siku saba kwa namba hii. Usipofanya hivyo nitapeleka madai kwenye Mahakama ya Madai Madogo."

Umtumie kwenye WhatsApp, na kwa ujumbe wa kawaida pia, maana huo unafika hata kama amekufungia kwingine. Usiongeze tusi hata moja. Karatasi hiyo huenda ikasomwa na mtu mwingine siku moja.

Kuna waliokushauri, nina hakika, utume ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ili malipo yarudishwe. Njia ile iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Wewe hukukosea namba. Uliuziwa kitu kisichofaa. Kusema ulikosea namba ni kusema uongo, na muuzaji akionyesha mazungumzo yenu, wewe mwenye haki utaonekana ndiye mdanganyifu.

Siku saba zikipita kimya, una milango miwili. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi waliopotoshwa na matangazo, na Sheria ya Ushindani ya 2010 inaipa nguvu ya kumhoji muuzaji. Wengine hulegea wakiona barua ya Mamlaka. Mlango wa pili ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kusikiliza kesi Nairobi, Milimani, mwaka 2021. Mombasa nayo ipo. Inachukua madai yasiyozidi sh 1,000,000, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Utahitaji jina la unayemdai na mahali anapopatikana, ndiyo maana nimesisitiza jina la M-Pesa na karatasi ya kifurushi, ambayo mara nyingi huwa na jina na namba ya aliyetuma. Unaweza pia kudai hasara ya siku ulizokaa bila kazi, kwa kuwa ulimwambia ni ya kazi, lakini hasara hiyo lazima uithibitishe kwa daftari la hesabu au ushahidi wa mwenye pikipiki. Idai kando, isikucheleweshe kudai bei yenyewe.

Kwa kazi yako sasa, kopa ukiweza, ununue seti ya 428 hapo hapo Malindi. Nenda na sproketi zako za zamani mfukoni, sio picha. Laza ya zamani juu ya mpya: tundu la kati, matundu ya bolti, kisha hesabu meno ya zote mbili. Na zungumza na mwenye pikipiki. Cheni ni kitu kinachochakaa kwa kazi inayomlipa na yeye. Muandikiane nani anabeba gharama ya vitu vinavyochakaa, maana naona katika barua yako mzigo wote umekuangukia wewe, na hilo halikunipendeza.

SWALI

Baba, shikamoo. Mume wangu aliagiza shokabu mbili za nyuma mtandaoni. Zilipofika zilikuwa ndefu kidogo na chini hazikuingia. Fundi akasaga bushi kwa grainda, zikaingia. Ni wiki ya tatu sasa. Pikipiki imeinuka nyuma, ikisimama kwa stendi ya pembeni inalala sana, na kuna mlio chini. Muuzaji anasema zimeshasagwa, hana la kufanya. Mume wangu anaendelea kuiendesha pikipiki hivyo hivyo na watoto wetu huwapeleka shule nayo. Je, tumepoteza pesa?

— Mama wa watoto wawili, Msambweni

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pesa nitazijia. Kwanza zitolewe shokabu hizo leo, za zamani zirudishwe hata kama zimechoka, mpaka zipatikane nyingine. Watoto wasipande kesho.

Nakueleza kwa nini. Ndani ya jicho la shokabu kuna bushi ya chuma, na kati ya bushi na jicho kuna mpira. Bushi ile inatakiwa itokeze kidogo kila upande, ili nati ikikazwa ibane chuma na mpira ubaki huru kupinda gurudumu linapopanda na kushuka. Ikisagwa kupita kiasi, nati inabana jicho lenyewe. Jicho haliwezi kugeuka, kwa hiyo kila shimo la barabara linapinda bolti na kulipasua jicho. Mlio unaousikia yawezekana ndio huo. Kuinuka kwa nyuma nako kunahamishia uzito mbele na kuufanya usukani uwe mwepesi kupita kawaida, hasa akifunga breki.

Sasa pesa. Kwa kuwa zilisagwa na kutumika, haki ya kuzikataa na kudai bei yote imeshakwenda, na hapo muuzaji anasema kweli. Lakini haki haikuisha yote. Aliyekikubali kitu kisicholingana na maelezo bado anaweza kudai fidia ya hasara, yaani tofauti ya kile alichoahidiwa na kile alichopata. Mwambie mume wako apime shokabu ya zamani na mpya, kutoka katikati ya jicho la juu mpaka katikati ya jicho la chini, apige picha rula ikiwa juu yake. Kama tangazo lilitaja aina ya pikipiki yenu na urefu umepishana, ana dai. Amwandikie muuzaji aombe sehemu ya bei, asiombe yote. Dai la kiasi husikilizwa kwa urahisi zaidi, na mara nyingi humalizika kwa kuzungumza.

Na fundi naye aambiwe, kwa heshima. Fundi aliyepewa kipuri kisichoingia kazi yake ni kusema hakiingii. Mume wako atamsikiliza zaidi akiambiwa na fundi kuliko akiambiwa na mimi.

SWALI

Mzee, salaam aleikum. Nauza vipuri vya pikipiki kwa simu kutoka Bombolulu. Kila siku wauzaji wa mtandaoni tunaitwa wezi. Wateja wananiandikia, "Nitumie sproketi ya Boxer," basi. Nikiuliza ya ngapi, wanakasirika. Nikituma wanasema haiingii, na wengine wananirudishia yao ya zamani iliyokwisha meno, imefutwa mafuta, ndani ya boksi langu. Kwa nini nirudishe pesa?

— Muuzaji, Bombolulu

JIBU

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Nimeifurahia barua yako, kwa sababu kaunta naijua, na hayo ya kurudishiwa kipuri cha zamani ndani ya boksi jipya yapo. Anayefanya hivyo anaiba, na humrudishii.

Ila tutenganishe. Mteja aliyekuomba kitu kwa jina lake mahsusi, bila kukuuliza kama kitamfaa, ukampa kitu hicho hicho alichokitaja, sheria haikubebeshi lazima kwamba kimfae. Alikosea kuagiza, na ukimbadilishia ni ukarimu wako. Lakini mara tu wewe unapoandika "inaingia Boxer zote", umelibeba jukumu. Boxer ziko nyingi. Injini ya BM150 ni ya sentimita za ujazo 144.8, na BM100 ni pikipiki nyingine kabisa kwa injini, na vipuri vyake vingi havibadilishani. Wachina nao wana zao, na mwaka wa kutengenezwa hubadili mambo. Neno "zote" liondoe kwenye matangazo yako yote usiku wa leo.

Badala yake andika vipimo. Sproketi: ya cheni gani, meno mangapi, kipenyo cha tundu la kati, umbali wa kati kwa kati wa matundu mawili ya bolti yanayotazamana. Shokabu: urefu kutoka jicho hadi jicho. Tairi ina namba zake, 2.75-17 au 3.00-18, unene na rimu kwa inchi, ziandike zote. Beringi ndizo rahisi kuliko vyote, maana namba yake ndiyo kipimo chake dunia nzima: 6202 ni tundu la milimita 15, nje milimita 35, unene 11, na 6301 ni 12, 37 na 12, iwe imetoka kiwanda gani. Nunua kipimo cha vania, kile chenye taya mbili cha kupimia milimita, ni chombo kitakachokulipa mapema. Mteja asiyejua, mwombe picha ya kipuri cha zamani kikiwa juu ya rula, na usitume mpaka ameituma. Atakasirika kidogo. Atakasirika zaidi kikifika hakiingii.

Kuhusu kubadilishiwa kipuri, kila kinachotoka kwako kitie alama ndogo ya rangi mahali pasipoonekana upesi, ukipige picha na alama yake kabla ya kukifunga. Kikirudi bila alama, mjibu kwa picha tu, bila maneno makali. Na andika masharti yako ya kurudisha pale juu, mteja ayasome kabla hajalipa: siku ngapi, kikiwa hakijafungwa, na nani analipia kifurushi kwa kosa la nani. Kosa likiwa lako, lipia wewe. Malipo yapokee kwa namba ya tili yenye jina la biashara. Wateja wanaoniandikia hawana shida kulipa sh 200 zaidi kwa mtu mwenye jina.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji wenzako wengi hawalifikirii. Kijana aliyenunua cheni kwako ana mwenye pikipiki anayemsubiri jioni. Pesa ikikaa kwako wiki mbili mnabishana, kwako ni bishano la biashara, kwake ni unga wa nyumbani. Ukishajua kosa ni lako, mrudishie siku hiyo hiyo.

SWALI

Mzee, nimeagiza kabureta kutoka nje ya nchi kupitia soko moja kubwa la mtandaoni. Programu inanitaka nibonyeze "nimepokea". Kifurushi nimekipata jana, fundi yuko safari. Nibonyeze?

— Kijana, Kilifi

JIBU

Usibonyeze bado. Masoko mengi ya namna hiyo huishika pesa yako mpaka utakapothibitisha, na ukishathibitisha pesa inakwenda kwa muuzaji na nguvu yako inapungua sana. Fungua kifurushi huku ukirekodi video bila kukata, kuanzia gundi ikiwa haijabanduliwa. Linganisha na kabureta yako ya zamani: umbali wa bolti mbili za kufungia, upana wa mdomo wa upande wa injini na wa upande wa chujio la hewa, na kama waya wa akselereta unaingilia juu au pembeni. Hayo unaweza kuyapima wewe mwenyewe kwa rula, hata kabla fundi hajarudi. Kisha tazama kwenye programu tarehe ya mwisho ya kufungua malalamiko. Mara nyingi ikipita, mfumo huthibitisha wenyewe kwa niaba yako. Kama fundi hatarudi kabla ya tarehe hiyo na kipimo kimoja kimepishana, fungua malalamiko sasa, ambatisha video na picha, na kabureta irudishe ndani ya boksi lake bila kutiwa petroli.